Maji Safi Yaliyokula Mabomba ya Baba Dogo

Mwaka wa 1969, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba yangu alifariki na masomo yangu yakaishia hapo hapo. Nilikuwa darasa la nne, na lenyewe sikulimaliza. Nililetwa Nairobi kwa shangazi yangu, Kariobangi, na kesho yake asubuhi nikatwikwa sufuria la maharagwe nilipeleke Baba Dogo, kwenye milango ya viwanda, wafanyakazi wapate kula mchana. Hakuna aliyeniuliza kama nimelala vizuri.

Nayasema haya mwanzo ili mjue anayewaandikia si mtu wa vyeti. Kusoma sawasawa nilijifunza nikiwa mtu mzima, kwa kukazia macho vibao vya mashine. Lakini mabomba nayajua. Na kwa kuwa nayajua, nina hasira, na sitaificha ili niwafurahishe.

Juzi niliitwa mtaa wa Pipeline, kwenye ghorofa moja ya kupangisha. Mabomba ya kisima yametoboka, na hayajamaliza hata miaka miwili. Nimemkuta kijana fundi, spana mkono mmoja, simu mkono wa pili.

"Niaje, guka," akaniambia, yaani babu. "Hii ni kutu tu. Tunapaka rangi, maisha inaendelea."

"Kutu imetoka wapi?"

"Ai, guka. Si kutu ni kutu."

"Maji umeyaonja?"

Akanitazama kama nimemwambia alambe soli ya kiatu. Nikafungua mfereji pale pale kisimani, kabla maji hayajapanda kwenye tangi, nikaonja. Yalichoma ulimi kidogo, kama soda iliyoachwa wazi tangu asubuhi. Maji hayo yana hewa ndani yake, vijana. Hewa ile ile inayotoa povu kwenye soda, inayofurisha mandazi. Ikikaa peke yake haina neno. Ikiyeyuka ndani ya maji, maji yanakuwa makali kidogo, na ukali huo unakula chuma polepole, mchana na usiku, bila kelele. Paka rangi nje mpaka uchoke. Bomba linaliwa kutoka tumboni.

"Kutu ni kutu." Mara ya kwanza kusikia maneno hayo, yalitoka kwa mtu mwenye tai na shahada, na mzee mwaminifu nusura aitwe mwizi mpaka kufa kwake kwa sababu ya maneno hayo. Na mimi nilikuwa na mkono humo. Hilo nalo nitalisema.

Kiwanda kilikuwa cha mablanketi. Jina lake silitaji, na kimekwisha kufungwa. Niliingia pale nikiwa na miaka kumi na minane, mtu wa kufagia, halafu nikasogezwa chumba cha boila kwa sababu sikuogopa joto. Mkuu wa chumba hicho alikuwa Mzee Ogola, mtu wa kutoka upande wa ziwa, aliyekuwa ametumikia garimoshi za mvuke miaka mingi kabla garimoshi za mafuta hazijamnyang'anya kazi. Mrefu, mikono kama makoleo, mzee wa kanisa. Alikaa na mkewe, Mama Akinyi, katika chumba cha kampuni, mstari wa nyumba nyuma ya kiwanda.

Boila ile aliiita Mama Mkwe.

"Kariuki," aliniambia siku ya kwanza, "huyu ni mama mkwe wako. Unamwamkia kwa heshima. Humpi mgongo. Humpi maji baridi ghafla akiwa na moto tumboni. Na akianza kunguruma, wewe nyamaza umsikilize."

"Na akinikasirikia?"

"Akikukasirikia hutapata nafasi ya kuomba msamaha. Paa litaondoka, na wewe nalo."

Nilijifunza kwake vitu ambavyo sijaviona kwenye kitabu chochote. Kuweka kiganja karibu na bomba bila kuligusa, ujue ni mvuke unaopita au ni maji yaliyolala. Kutia bisibisi sikioni, ncha yake kwenye bomba, usikie vali ikivuja. Kufungua vali ya mvuke kwa robo, unangoja, robo nyingine, unangoja. Wenye haraka aliwauliza, "Nyumbani kunaungua?"

Na nilijifunza magadi.

Maji ya kisima cha kiwanda yalikuwa na chumvichumvi, na chumvi hiyo hushika ndani ya boila kama ukoko wa ugali kwenye sufuria. Ukoko ukiwa mnene, moto haufiki kwenye maji, chuma kinalainika, na hapo paa ndilo hilo. Kwa hiyo kila Jumatatu Mzee Ogola alitia magadi, gorogoro moja, akiipangusa juu kwa kiganja ili isizidi. Gorogoro mnaijua, lile kopo la mama mboga la kupimia mahindi. Ukoko ukawa matope, na matope tukayafungulia chini yakaenda zake. Hivyo ndivyo walivyofanya kwenye garimoshi, na garimoshi zake zilifika salama.

Sasa nieleze safari ya mvuke, maana bila hiyo hamtaelewa. Mvuke unatoka kwenye boila unakwenda kwenye mitungi mikubwa ya kukaushia mablanketi. Ukishatoa joto lake pale, unageuka kuwa maji. Maji hayo yanarudi kwa bomba lingine, sisi tuliliita bomba la kurudi, mpaka kwenye tangi, na kutoka kwenye tangi yanaingizwa tena ndani ya boila. Ni mzunguko.

Mwaka mmoja, nadhani ni wa 1978, bomba la kurudi likaanza kutoboka. Likakatwa lote, likawekwa jipya, urefu wa kiwanda kizima. Nililibeba mimi begani pamoja na Mzee, mabomba meusi yenye mstari wa rangi ya manjano ubavuni, alama ya stoo yetu. Tulikata nyuzi za skrubu kwa mkono. Jasho letu liko mle.

Miezi michache baadaye niliona maji kwenye tangi yameanza kuwa mekundu. Ilikuwa Jumapili, Mzee yuko kanisani, zamu ni yangu peke yangu. Nikawaza kwa akili ya shangazi. Shangazi alikuwa akitia magadi kwenye maharagwe, na akitia kwenye mboga zenye uchachu, uchachu unakufa. Nikasema, maji haya yana ukali unaokula chuma, dawa ya ukali ni magadi. Nikaongeza gorogoro moja.

Jumapili iliyofuata maji yalikuwa mekundu zaidi. Nikaongeza mbili.

Je, nilimwambia Mzee? Sikumwambia. Nilitaka siku moja wekundu uishe, nimwambie, "Mzee, niliitibu mimi." Kiburi cha kijana aliyejua kitu kimoja akadhani anajua vitatu. Kila Jumapili gorogoro mbili, wakati mwingine tatu, na maji yakazidi kuwa kama chai ya rangi. Mimi nikazidi kutia.

Halafu bomba jipya likatoboka. Sehemu nne kwa wiki moja, kwenye nyuzi za skrubu kwanza, ambapo chuma ni chembamba. Maji ya moto yakamwagikia blanketi zilizokuwa tayari kwenda sokoni.

Meneja wetu, ambaye jina lake nimelisahau kwa makusudi, alileta injinia kutoka mjini. Injinia alikaa chumba cha boila kwa muda wa kunywa chupa moja ya soda. Akafungua kimfereji, akakinga maji ya kurudi kwenye glasi, akayainua kwenye mwanga. Meupe kama machozi.

"Haya ni maji ya mvuke," akasema. "Ni safi kuliko unayokunywa nyumbani. Ndiyo watu wanayotia kwenye betri. Maji haya hayawezi kula bomba jipya kwa mwaka."

"Kwa hiyo?" Meneja akauliza.

"Kwa hiyo bomba halikuwa jipya. Lilikuwa na kutu kabla ya kuwekwa. Kutu ni kutu."

Meneja akamgeukia Mzee Ogola. Pale nyuma ya Baba Dogo kulikuwa na watu wa kununua vyuma chakavu, kila mtu aliwajua.

"Uliuza mapya, ukaniwekea skrapu."

"Bwana Meneja, mimi?"

"Na magadi? Magunia yanaisha kabla ya mwezi. Unawauzia wanawake wa sokoni, sivyo?"

Mzee akanitazama. Hakunitazama kwa kunishuku. Alinitazama kama mtu anayemtafuta shahidi, kwa sababu nilikuwa naye siku zote, nilimwona akipima gorogoro yake moja na kuipangusa. Ilinibidi niseme neno moja tu.

Nilikagua kucha zangu.

Mchana huo huo, saa nane, askari wawili wa kampuni wakaingia chumbani kwa Mzee Ogola kutafuta mabomba na magadi. Mabomba chini ya kitanda, sijui walidhani yanakunjwa. Walitoa godoro nje wakalitupa kwenye vumbi, wakatoa sufuria, wakatoa nguo za Mama Akinyi, mpaka zile ambazo mwanamke hatoi nje. Mstari mzima ulisimama ukitazama. Waliambulia pakiti moja ya magadi ya kupikia mboga, ya kutosha sufuria tatu. Wakaibeba kama wamekamata bunduki.

Mama Akinyi hakulia. Alisimama mlangoni akasema, "Tazameni vizuri, majirani. Hilo ndilo godoro la mwizi. Lina viraka sita."

Wakapewa mpaka mwisho wa mwezi wahame. Mzee alikatazwa kuingia kiwandani. Mama Akinyi akaliacha godoro pale nje juu ya mabenchi mawili, halirudishwi ndani. Walilala kwenye mkeka. Ukipita unaliona. Nilikuwa napita kila siku, asubuhi na jioni, maana njia ilikuwa moja.

Vijana, kuna hasira ya kumkasirikia meneja, na hiyo ni tamu, unaweza kuishi nayo. Ya kujikasirikia mwenyewe haikupi nafasi ya kukaa chini. Nilijua magadi yalikokwenda. Yote yalimezwa na Mama Mkwe kwa mkono wangu. Ila nilikuwa bado sijui bomba lililiwa na nini, na nilijiambia nikijua hilo ndipo nitasema. Uongo. Niliogopa kufukuzwa.

Siku ya nne nilikwenda mtaa wa Tena kwa Mwalimu Rose, aliyefundisha sayansi shule ya sekondari na alikuwa mteja wa zamani wa maharagwe ya shangazi. Nilikuwa nimekata kipande cha bomba kwa msumeno na kukifunga kwa gazeti. Nikakiweka mezani kwake, penye kitambaa chake cheupe.

"Kariuki, umeniletea nini, mfupa?"

"Mwalimu, nani amekula hiki?"

Akakigeuza. Angalieni na nyinyi, maana ninacho mpaka leo. Mgongo wa bomba ni mnene, mzima, kama lilivyotoka dukani. Mstari wa manjano bado uko nje. Lakini tumbo, pale maji yanapopita, kuna mfereji uliochongwa laini kabisa, kama umepitishwa patasi, na katikati ya mfereji chuma kimekuwa karatasi.

"Hii si kutu ya kulala nje," Mwalimu akasema. "Kutu ya nje inakula pande zote na inaacha magamba. Hii imelambwa na maji yenye asidi."

"Lakini boila tunatia magadi. Magadi si yanaua uchachu?"

"Mnatia wapi?"

"Ndani ya boila."

"Magadi yanapanda na mvuke?"

Nikafikiri. Hayapandi. Chumvi na magadi hubaki chini, ndiyo maana maji ya kurudi ni matamu kama ya mvua.

Mwalimu akaingia jikoni, akarudi na kijiko cha magadi na nusu ya ndimu. Akakamua. Magadi yakatoa povu, yakachemka yenyewe juu ya sahani.

"Hilo povu ni nini?"

"Hewa."

"Ndiyo hewa ya soda. Imefungwa ndani ya magadi. Ndimu inaifungulia, na moto mkali pia unaifungulia. Mkichemsha magadi kwenye boila, magadi yanabaki, pumzi yake inatoka. Inakwenda wapi?"

Hapo nikaketi bila kukaribishwa. Pumzi ya magadi inapanda na mvuke. Mvuke ukipoa ukawa maji, pumzi inayeyuka ndani ya maji yale. Maji hayana tena magadi ya kuyatetea, yana pumzi tu. Ndiyo hiyo soda, inateremka ndani ya bomba la chuma mchana kutwa. Na kila Jumapili mimi naongeza gorogoro mbili za soda!

"Na kwenye garimoshi?" nikauliza. "Mzee alitia miaka yote, hapakuoza kitu."

"Mvuke wa garimoshi unakwenda wapi ukimaliza kazi?"

Unatoka kwa bomba la moshi, puu, unakwenda zake mbinguni na pumzi yake yote. Haurudi. Garimoshi inapumua nje. Kiwanda kile kilikuwa kikimeza pumzi yake. Mzee Ogola alibeba ujuzi wa kweli kutoka mahali pamoja akauweka mahali pengine, na hakuna injinia hata mmoja aliyemwambia tofauti. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Waliokuwa na vitabu hawakumwambia, halafu walipoona bomba limeoza wakamwita mwizi.

Mwalimu akanipa karatasi za rangi ya buluu, zinazogeuka nyekundu zikigusa asidi. Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, nikakinga maji ya kurudi kwenye sufuria, ya moto, yakitoa moshi. Nikachovya karatasi. Buluu. Nikachovya nyingine. Buluu. Injinia alikuwepo siku hiyo kukagua bomba lingine, akaniona.

"Sasa fagio limekuwa daktari?" Watu wakacheka, na wale wa kucheka zaidi walikuwa wenzangu.

Nikarudi Tena nimekunja mkia. Mwalimu akacheka pia, lakini kwa upole. "Kariuki, soda ya moto ukiifungua inafanyaje?"

"Inatapika."

"Ikishatapika inabaki na hewa?"

Nilikuwa nimeitapisha mwenyewe. Chukueni hili alilonifundisha Mwalimu, nyinyi mnaopima maji leo: maji ya kurudi hayapimwi ya moto wala wazi. Unayapitisha kwenye bomba dogo la shaba lililoviringishwa ndani ya ndoo ya maji baridi, yatoke yamepoa, na mdomo wa bomba unauzamisha mpaka chini ya chupa, chupa ijae hadi imwagike, unafunga. Hewa inabaki ndani. Na ya boila msiyaonje kama ya kisima, siku hizi yana madawa.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda kwa Meneja saa mbili asubuhi, kabla hajavua koti. Nilikuwa na chupa mbili tupu za jemu, kipande cha bomba, na gorogoro.

"Nimekuja kukuambia magadi yako yako wapi."

Akamwita injinia, akaita na askari. Vizuri, nilitaka mashahidi. Nikasema yote nikiwa nimesimama. Kwamba Mzee alitia gorogoro moja, Jumatatu. Kwamba Jumapili nilitia mbili na tatu kwa siri, na daftari alimoandika Mzee magadi yake halikujua. Kwamba kama kuna wa kufukuzwa ni mimi.

"Mzee amekutuma," Meneja akasema.

"Twende boilani."

Nikakinga maji kwa njia ya Mwalimu, chupa mbili, mbele yao. Meupe kama machozi, zote mbili. Karatasi ya buluu ilipoingia kwenye ya kwanza ikageuka zambarau, halafu wekundu hafifu. Nikamwaga maji yale ndani ya sufuria, nikayachemsha, nikayapoza, nikachovya nyingine. Buluu. Injinia akavuta karatasi mkononi mwangu, akachovya mwenyewe. Buluu.

"Ni rangi tu hiyo," akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

Chupa ya pili nikaifunua na kuiweka dirishani, nikamwomba Meneja aandike jina lake juu ya karatasi ya kifuniko na kuifunga juu ya mdomo kwa uzi, hewa iingie lakini asije akasema nimeibadilisha. Akaandika. Saa saba tulirudi. Maji yale meupe, bila mtu kuyagusa, yalikuwa yameanza kuwa ya manjano, na chini pamelala unga wa rangi ya matofali.

"Hicho ni nini?" Meneja akauliza.

"Bomba lako," nikamwambia. "Lilikuwa limeyeyuka ndani ya maji, halionekani. Likipata upepo linajionyesha."

Halafu nikampa kipande. Nikamwonyesha mgongo mnene na mstari wa manjano wa stoo yake mwenyewe. Skrapu ingekuwa na mstari huo? Skrapu ingeoza tumbo peke yake? Injinia alikishika kwa muda mrefu, akapitisha kidole gumba kwenye ule mfereji. Hakusema tena kutu ni kutu. Akasema, "Tupunguze magadi, na tangi tulipashe moto hewa itoke." Kana kwamba amewaza yeye!

Meneja akamtuma karani kwa Mzee Ogola na ujumbe: arudi kazini kesho. Basi. Karani akarudi peke yake.

"Anasemaje?"

"Anasema godoro lilitolewa mchana, watu wakitazama. Lirudishwe mchana, watu wakitazama, na waliolitoa ndio walirudishe. Na wewe uwepo."

Meneja akatukana. Lakini siku tatu mitungi ilipoa, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliyejua kumwamkia Mama Mkwe, na mimi nilishafukuzwa saa nane ya Jumatatu ile ile. Siku ya nne, saa sita na nusu, mstari wa nyumba ukasimama tena. Askari wawili wakalikung'uta godoro vumbi, wakaliinua, wakaingia nalo. Meneja alisimama nje na tai yake.

"Kulia kidogo," Mama Akinyi akawaelekeza. "Kichwa kikae upande wa dirisha. Hapo. Sasa magadi yangu."

Askari mmoja akatoa pakiti mfukoni. Walikuwa wameiweka kama ushahidi.

Meneja hakuomba msamaha. Alisema, "Haya, Mzee," akaondoka. Na mimi nilikuwa nimesimama ng'ambo ya barabara, sina kazi, najiandaa kuondoka kabla Mzee hajaniona. Akaniona. Akavuka.

"Kwa nini hukuniuliza?" akasema.

Nilianza maneno niliyoyaandaa, akayakata.

"Jumapili zote hizo, Kariuki. Ningekuwa nimetoka kanisani saa saba. Ungengoja saa saba uniulize."

Akaingia ndani. Nikadhani amemaliza na mimi. Akatoka na spana yake ya bomba, ile ndefu ya garimoshi, akanipa bila kunitazama. "Utahitaji ya kuanzia. Na ukifika mahali, kabla hujagusa chuma, uliza maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi."

Nilianza nayo. Nilizunguka kiwanda kwa kiwanda, nikiuliza swali hilo. Watu walinicheka, mpaka mabomba yao yalipoacha kutoboka. Nimepasha moto matangi ili hewa itoke kabla maji hayajaingia boilani. Nimeinamisha mabomba ya kurudi, maji yasilale. Baadaye ilikuja dawa inayopanda pamoja na mvuke na kushuka nao, ikilinda bomba huko huko, na niliipokea kwa mikono miwili, mimi si mtu wa kung'ang'ania ya zamani. Nimeona mabati karibu na chimni za viwanda yakiliwa na mvua, maana moshi nao una hewa zake kali na mvua inaziyeyusha. Kila mahali hadithi ni moja: hewa, maji, chuma. Na kila mahali kuna mtu mwenye kalamu mfukoni anayetafuta wa kulaumiwa kabla hajageuza bomba aangalie tumbo.

Kwa hiyo kijana wa Pipeline, hasira yangu si kwa sababu hujui. Mimi sikujua, na kutojua kwangu kulitoa godoro la watu nje. Hasira yangu ni kwamba nilikuwa nimesimama hapo kando yako, mzee mzima, na hukuuliza.

Leo nina nyumba ya mawe Tena, vyumba vinne. Nina karakana Baba Dogo, hatua chache kutoka pale kilipokuwa kiwanda. Nina pikapu moja nzima na moja ya vipuri. Nina mashine mbili za kukata nyuzi za skrubu na moja ya kulehemu. Nina ng'ombe watatu nyumbani kwa baba. Nina kipande cha bomba chenye mgongo mnene na tumbo la karatasi. Nina spana ya Mzee Ogola, meno yake bado yanashika. Nina gorogoro, imening'inia ukutani juu ya kalenda, na haijapimiwa kitu tangu siku ile. Jumapili karakana hufunguliwa saa saba.